Bei ya Sekunde: Shabaha na Pointi Katika Mashindano ya Ulengaji wa Vitendo

Anayetazama kwa mara ya kwanza mashindano ya ulengaji wa vitendo, yaani ya kupiga shabaha kwa bastola huku unakimbia na muda unahesabiwa, huondoka na swali. Mshindani wa kwanza kapiga risasi 24, zote zimeingia katikati ya shabaha. Wa pili naye kapiga 24, lakini sita kati ya hizo zimekwenda pembeni. Matokeo yanatoka, na wa pili ndiye anayeongoza. Hakuna aliyependelewa na kompyuta haikukosea. Ni hesabu tu, ila hesabu hiyo huwezi kuifuata kama hujaielewa shabaha yenyewe, maana mchoro wa kadibodi na kanuni ya kugawa pointi vilibuniwa vitegemeane.

Mchezo huu unasimamiwa na shirikisho la kimataifa linaloitwa IPSC, lililoundwa Mei 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani. Rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani aliyeamini kwamba mtu hajajua bastola mpaka aitumie akiwa anatembea na muda unamkimbia. Mwaka mmoja kabla ya shirikisho kuundwa walengaji walikuwa wameshakutana Zurich, Uswisi, kwa mashindano ya dunia ya kwanza. Ya mwaka 1977 yalifanyika Afrika, mjini Salisbury, ambao leo ni Harare, na bingwa akawa mwenyeji, Dave Westerhout. Kauli mbiu ya IPSC ni maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas: usahihi, nguvu, kasi. Ninayataja hapa kwa sababu kila kanuni ya pointi nitakayoieleza inatoka kwenye mojawapo ya maneno hayo, na ugumu wote wa mchezo unatokana na kuyataka yote matatu kwa wakati mmoja.

Walengaji tunaowaona kwenye Olimpiki wako dunia nyingine kabisa. Katika bastola ya upepo ya mita 10, mduara wa pointi 10 una kipenyo cha milimita 11.5, na mlengaji amesimama palepale akipumua taratibu. Huku kwenye ulengaji wa vitendo mshindani anaanza mahali alipoelekezwa, kipima muda kinalia, anachomoa bastola na kuondoka mbio. Anapita kati ya kuta za bandia, anachungulia madirishani, anabadilisha magazini huku miguu inatembea, na mpangilio wa kupiga shabaha anauamua mwenyewe. Kipima muda kina maikrofoni inayosikia kila mlio. Muda wake rasmi ni ule wa mlio wa mwisho, hadi sehemu ya mia ya sekunde. Kila uwanja mdogo wa namna hiyo huitwa steji: fupi haizidi risasi 12, ya kati haizidi 24, na ndefu haizidi 32.

Kadibodi yenye mistari usiyoiona

Shabaha ya karatasi ya IPSC ni kadibodi ya rangi ya kahawia, upana sentimita 45 na urefu sentimita 57, pembe zake zimekatwa hivi kwamba kwa mbali inafanana na gamba la kobe. Haina kichwa. Ya zamani ilikuwa nacho, na chama cha Marekani, USPSA, bado kinatumia shabaha yenye kichwa, lakini katika nchi nyingi kumfundisha raia kupiga umbo la binadamu ni jambo lisilokubalika, na mchezo unaotaka kuenea duniani ulilazimika kulizingatia hilo. Mimi naona walifanya vyema. Mchezo haukupoteza chochote, na milango mingi ilifunguka.

Ndani ya kadibodi kuna maeneo matatu. A liko katikati, C linalizunguka, na D liko pembezoni. Wengi huuliza B imekwenda wapi. Ilikuwa kwenye kichwa cha shabaha ya zamani, na thamani yake ilikuwa sawasawa na C. Kichwa kilipoondoka, B ikaondoka nacho. Ukingoni kabisa kuna ukanda wa nusu sentimita usio na pointi yoyote, na risasi iliyoishia humo imekosa.

Jambo ninalolipenda zaidi kwenye shabaha hii ni kwamba mistari ya maeneo imekandamizwa kwenye kadibodi tu, bila wino. Kanuni zinataka mistari hiyo isionekane kwa mtu aliye umbali wa zaidi ya mita 10. Mshindani anaona kipande kitupu cha kahawia. Hana nukta ya kulenga wala duara jeusi. Lazima A aijue kwa kichwa, akadirie katikati ya umbo liko wapi hata pale nusu ya umbo imefichwa na pipa.

Je, A ni kubwa kiasi gani? Kwenye shabaha ya Marekani, A ya kifuani ina inchi 6 kwa 11, yaani karibu sentimita 15 kwa 28. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kazi rahisi. Chukua bastola ambayo kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni sentimita 16. Vilengeo vikipishana kwa milimita moja tu kwenda kushoto, risasi itahama sentimita 6 na kidogo kwa shabaha iliyo mita 10. Kutoka katikati hadi ukingo wa A ni sentimita 7.5, kwa hiyo bado uko ndani. Sogeza shabaha hiyohiyo hadi mita 25. Milimita ileile sasa inakuhamisha zaidi ya sentimita 15, na umeshatoka A. Ndivyo upana wa A unavyofanya kazi: kwa karibu unasamehe haraka ya mkono, kwa mbali hausamehi.

Nguvu inalipwa pembeni

A ina pointi 5 kwa kila mshindani. C na D hutegemea risasi yako ina nguvu kiasi gani, na hapa ndipo wageni wengi hupotea njia.

Kiwango cha nguvu hupatikana kwa kuzidisha uzito wa kichwa cha risasi, kwa greni, na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha kugawanya kwa 1,000. Risasi ya milimita 9 yenye kichwa cha greni 124, ambazo ni takriban gramu 8, ikienda futi 1,050 kwa sekunde, inatoa 130.2. Kiwango cha chini kinachokubalika ni 125, basi hiyo inapita kama nguvu ndogo. Risasi ya kaliba .40 yenye greni 180 ikienda futi 950 kwa sekunde inatoa 171. Washindani hugawanywa kwenye madaraja kulingana na aina ya bastola: katika daraja la Standard la IPSC nguvu kubwa huanzia 170, katika Open huanzia 160. Daraja la Production halina mjadala huo: huko kila mtu huhesabiwa kwa nguvu ndogo hata akija na nini.

Mwenye nguvu kubwa anapata pointi 4 kwa C na 2 kwa D. Mwenye nguvu ndogo anapata 3 na 1. Sababu inarudi kwa Cooper na neno lake la pili, Vis. Risasi nzito inarusha mkono juu zaidi, hivyo kurudi kwenye shabaha kwa risasi ya pili kunachukua muda. Bila fidia, kila mtu angetengeneza risasi laini kama pamba na nguvu ingetoweka mchezoni. Lakini angalieni fidia hiyo imewekwa wapi. Haipo kwenye A. Anayepiga katikati kila mara hapati faida yoyote ya bastola nzito. Faida inaonekana pale tu mkono umeteleza. Huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote kwenye kitabu cha kanuni, na sijawahi kuona njia bora ya kulinda usahihi na nguvu kwa pamoja.

Nguvu haitangazwi kwa mdomo ikaaminiwa. Waamuzi huchukua risasi za mshindani, hung'oa kichwa cha mojawapo na kukipima kwenye mizani, nyingine huzifyatua juu ya mashine inayosoma mwendo. Aliyejiandikisha kwa nguvu kubwa na kushindwa kuifikia anahesabiwa upya mashindano yote kwa nguvu ndogo. Akianguka chini ya 125 anaruhusiwa kuendelea kupiga, lakini matokeo yake hayahesabiwi.

Mgawanyo unaoamua kila kitu

Sasa turudi kwa wale washindani wawili. Steji yao ina shabaha 12 za karatasi, kila moja inahitaji matundu mawili, na yanahesabiwa mawili bora. Jumla ni risasi 24, pointi 120.

Pointi za mshindani, zikishatolewa adhabu, zinagawanywa kwa sekunde alizotumia. Jibu ndilo uwiano wake: pointi ngapi amekusanya kwa kila sekunde. Wa kwanza amepiga A 24 kwa sekunde 20. Pointi 120 kwa 20 ni 6.00. Wa pili, mwenye nguvu ndogo, ana A 18 na C 6, yaani 90 na 18, jumla 108, kwa sekunde 17.50. Uwiano wake ni 6.17. Ameshinda. Mwenye uwiano mkubwa anachukua pointi zote 120 za steji, na wengine wanapewa sehemu kulingana na walivyomkaribia. Wa kwanza anapata asilimia 97.22 ya 120, yaani pointi 116.67. Kama huyo wa pili angekuwa na nguvu kubwa, matundu yaleyale na muda uleule vingempa pointi 114 na uwiano wa 6.51, na mwenzake angeshuka hadi 110.53.

Tumlete wa tatu, mwenye kasi kuliko wote, naye wa nguvu ndogo. Ametumia sekunde 16.50 na kupiga A 20, C 2, D 1. Risasi moja haikugusa kitu. Ana 100, 6 na 1, jumla 107, halafu tundu lililokosekana linamtoza 10. Zinabaki 97, uwiano 5.88, na yuko wa mwisho. Risasi hiyo moja ingeingia A angekuwa na 112, uwiano 6.79, na angewaacha wote wawili mbali. Tundu moja limemtoa wa kwanza likamweka wa tatu, kwa sababu kukosa hakukunyimi pointi 5 tu bali kunakutoza 10 juu yake, jumla 15.

Hapo ndipo linapotokea wazo ambalo naona kila anayeanza mchezo huu angefundishwa siku ya kwanza: sekunde ina bei, na bei hiyo hubadilika kila steji. Kama washindi wa steji wanapata uwiano wa karibu 6, basi sekunde moja inauzwa pointi 6. C ya nguvu ndogo inakupotezea pointi 2, ambazo ni theluthi ya sekunde. C ya nguvu kubwa inakupotezea pointi moja tu, theluthi hiyo inagawanyika nusu. D ya nguvu ndogo ni theluthi mbili za sekunde. Kosa ni sekunde 2.5 nzima.

Sasa hamia steji fupi ya karibu, ambako wazuri wanapata uwiano wa 12. Sekunde imepanda bei maradufu, hivyo C ileile sasa ni sawa na sehemu ya sita ya sekunde. Ukisita kidogo ili uhakikishe A, umeshalipa zaidi ya ulichookoa. Nenda tena kwenye steji ya mbali, yenye kukimbia kwingi, ambako washindi wanapata 3. Huko C inagharimu theluthi mbili za sekunde, na mwenye haraka ndiye anayepoteza. Ndiyo maana ushauri wa jumla wa "piga haraka" au "piga kwa utulivu" hauna maana yoyote kabla ya kujua steji ipi inazungumziwa.

Kazi ya mbunifu wa steji

Anayebuni steji, basi, ndiye anayepanga bei. Mita za kukimbia zinaongeza sekunde bila kuongeza pointi, na uwiano unashuka. Shabaha za karibu zinaupandisha. Mbunifu mzuri huchanganya: shabaha tatu za mita 5 zinazomwita mshindani aharakishe, halafu moja ya mita 20 iliyofichwa nusu, ili yule aliyeshika mwendo wa mwanzo aadhibiwe na mazoea yake.

Kuficha kuna namna zake. Kipande cha shabaha kilichopakwa rangi nyeusi ni kizuizi kigumu, kinahesabiwa kana kwamba ni chuma: tundu lililoishia lote ndani ya weusi ni kosa. Tundu lililogusa weusi kwa sehemu na kuingia kahawia linapata pointi. Kali zaidi ni shabaha ya marufuku, kadibodi ya umbo lilelile lakini kwa kawaida nyeupe, inayobandikwa juu ya ile halali. Ukiigusa unatozwa 10 kwa kila tundu, hadi matundu mawili. Na tundu moja likikaa mpakani, likigusa zote mbili, unalipwa pointi na unatozwa adhabu papo hapo. Marufuku iliyobandikwa chini ya A humfanya mlengaji apande juu, na juu A ni fupi. Sentimita tano za kuihamisha kadibodi nyeupe zinaweza kubadilisha matokeo ya uwanja mzima.

Kuna pia popa, mabamba ya chuma yenye kichwa cha mviringo, marefu sentimita 85 au madogo ya sentimita 56. Hayana maeneo. Yakianguka ni pointi 5, yakisimama ni kosa. Mara nyingi popa ikianguka inavuta waya unaoachia shabaha ya bembea, ambayo inachomoza nyuma ya ukuta na kujificha tena. Popa ikigoma kuanguka na mshindani akaiacha imesimama, anaweza kudai ijaribiwe. Afisa anaipiga kwa risasi maalumu ya nguvu ndogo. Ikianguka, mshindani alipiga vibaya na kosa linabaki. Isipoanguka, chuma ndicho kilichokuwa kizito, na anarudia steji. Ni haki rahisi kueleweka, lakini uwanjani wengi huitupa kwa kuipiga popa tena na tena kwa hasira mpaka ianguke.

Mwamuzi mbele ya tundu

Mlio wa mwisho ukishapita na bastola ikithibitishwa kuwa tupu, mwamuzi anatembea kutoka shabaha hadi shabaha na mshindani anamfuata. Anasoma kwa sauti kwa alfabeti ya redio: "Alfa, Charlie." "Alfa mbili." "Alfa, Mike," na Mike ni kosa. Mwenzake anaandika. Mshindani haruhusiwi kusogea ndani ya mita moja ya shabaha bila ruhusa, kwa sababu kidole kimoja kinatosha kupanua tundu.

Kanuni ya mstari ni kwamba tundu likigusa mstari kati ya maeneo mawili, linapewa lile la juu. Lakini kadibodi inachanika. Risasi ikipita inaacha nyufa ndogo zinazotoka tunduni kama miale, na nyufa hizo hazihesabiwi hata zikivuka mstari. Kinachohesabiwa ni kipenyo cha risasi yenyewe. Basi mwamuzi anatafuta pete ya kijivu ambayo risasi huiacha ukingoni inapopita, mchanganyiko wa masizi na mafuta, kisha anaweka juu yake kipande cha plastiki angavu chenye duara la ukubwa wa kaliba ile. Duara likigusa mstari, ni A. Lisipogusa, hata kwa unene wa unywele, ni C. Tundu kubwa lisilo na pete ya kijivu halipewi pointi, maana huenda ni kipande cha kokoto au ganda la risasi lililodunda. Risasi iliyoingia kwenye shabaha kutokea nyuma nayo haihesabiwi, na iliyopita nzima katikati ya shabaha moja ikatoboa ya pili haihesabiwi kwenye hiyo ya pili, kwani kikanuni kila kadibodi haipenyeki.

Mshindani asiporidhika, shauri linapanda hadi kwa msimamizi mkuu wa uwanja, na neno lake ni la mwisho. Likishaamuliwa, tundu linafunikwa kwa stika ya kahawia na mshindani mwingine anaitwa. Stika ikisahaulika, mwamuzi anayefuata atakuta matundu matatu na hatajua lipi ni la nani, na mara nyingi hilo huishia kwa steji kurudiwa. Kazi ya kubandika stika inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayobeba uaminifu wa mashindano.

Njia nyingine ya kuhesabu

Siyo kila mchezo wa jamii hii hugawanya. IDPA, chama kingine cha ulengaji wa bastola kilichoanzishwa Marekani mwaka 1996 na chenye wachezaji Kenya pia, hasa kwenye uwanja wa Kirigiti, Kiambu, kinajumlisha. Shabaha yake ina duara la inchi 8 kifuani lisilo na makato, kisha maeneo ya kukatwa moja na tatu, na kosa ni tano. Kila pointi iliyokatwa inaongezwa kwenye muda kama sekunde moja. Kabla ya 2017 ilikuwa nusu sekunde, na walengaji wengi walipita wakimwaga risasi nje ya duara kwa sababu bei ilikuwa ndogo. Ilipopandishwa maradufu, mikono ikatulia. Faida ya mfumo huo ni kwamba bei haibadiliki na mtazamaji anaielewa mara moja. Hasara yake, kwa maoni yangu, ni hiyohiyo: mshindani halazimiki kuisoma steji kabla ya kuamua mwendo wake.

Kwenye IPSC, kuisoma steji kunaendelea hadi kwenye jumla ya mashindano. Steji ya risasi 32 ina pointi 160, ya risasi 12 ina 60. Aliyebaki nyuma ya mshindi kwa asilimia 5 kwenye ile ndefu ameacha pointi 8, na kwenye fupi asilimia hizohizo ni pointi 3. Kanuni hupendekeza uwiano wa steji fupi tatu, za kati mbili na ndefu moja, lakini baadhi ya mashindano huipa ndefu nafasi zaidi, kwa hiyo walengaji wazoefu wakipewa kijitabu cha steji huhesabu risasi kwanza, kisha umbali, na mazoezi ya wiki za mwisho huyapanga kwa kufuata hesabu hiyo.